Hayakuwa Malale, Baba Venanti

Leo umetimia mwaka, Baba Venanti, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Februari 1997, ulipoweka kikombe cha uji mezani hapa Kumsenga, mkono ukakataa kurudi, na kabla ya saa sita ukawa umetutoka. Walisema ni kiharusi, presha ilipanda. Tulikuzika, tulilia, wengine wakaridhika. Mimi sikuridhika. Unanijua: jambo nisilolielewa naliacha motoni kama maharage magumu, naongeza maji, nangoja.

Ulikuwa katekista wetu miaka ishirini na miwili. Watoto ulikuwa ukiwafundisha sala kwa Kiswahili, wakikwama unawaeleza kwa Kiha, na wenye kamasi unawafuta kwa kitambaa chako mwenyewe. Mgonjwa wa mbali ulimfuata kwa baiskeli. Ukipata nafasi uliingia porini kwenye mizinga yako ya nyuki, na asali ya kwanza haikuwa yetu, ilikuwa ya wale wajane wawili wa bondeni.

Lakini usingizi, ee Mungu! Ulisinzia ukimenya ndizi. Ulisinzia mtu akikueleza shida zake, na alipomaliza ulisema, "Tuombe," kana kwamba ulisikia yote. Siku ile ya Matawi ulipokoroma katikati ya somo, Padre alifunga kitabu akakuambia, "Makarius, hata Petro alilala Gethsemane, ila hatujasoma popote kwamba alikoroma." Kanisa zima lilicheka, nawe ukacheka mpaka ukafuta machozi.

Kule Kibondo mjini ulikuwa na gunia lako maalumu la kukalia dukani kwa Bwana Hilali. Yeye alikuwa akiwaambia wateja, "Mwacheni katekista alale. Tangu aanze kukoroma humu, wezi wanadhani nimefuga simba."

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, maana watu walianza kunong'ona neno moja: malale. Nani asingesema hivyo? Mtu wa porini, mwenye kuumwa na mbung'o kila wiki, sasa analala mchana kama mtoto. Hapa kwetu ugonjwa huo tunaujua, tumewazika wenye nao. Nikakupeleka hospitali mwaka 1993. Walikupima damu, wakakutoa na maji ya mgongoni, hawakuona mdudu. Ulirudi umenuna: "Mama Venanti, hata malale yamenikataa."

Nasi hatukuamini vipimo, tuliamini mbung'o. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, "Porini huendi tena." Mizinga yako ikaenda kwa jirani. Hukubisha. Ulikaa barazani, ukanywa pombe ya ndizi kila jioni kwa kukosa la kufanya, ukanenepa, shingo ikajaa mpaka kola ya shati la Jumapili haikufungika. Wapita njia walikusifu: "Katekista sasa ana afya!" Nami nilifurahi kusifiwa mume. Nisamehe, Baba Venanti. Tulikunyang'anya mwendo na nyuki wako kwa ugonjwa usiokuwa nao.

Nimejuaje? Siku ya kuondoa matanga, watu walipokuwa wakiigiza jinsi ulivyokoroma, Immakulata, yule binti wa mdogo wangu aliye muuguzi kambini kwa wakimbizi, alinivuta pembeni.

"Mama mkubwa, Baba mkubwa akikoroma, alikuwa ananyamaza katikati?"

"Alinyamaza sana. Mara nyingi."

"Kimya cha namna gani?"

"Kimya chema. Nilikuwa naanza Salamu Maria, naimaliza, nafika katikati ya pili, ndipo anashtuka kama mtu aliyetoka majini, anaanza tena kukoroma."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimshukuru Mungu kwa kile kimya. Ndipo nilipopata usingizi."

Immakulata hakucheka. Alisema, "Mama mkubwa, katika kile kimya hakuwa anapumua."

Nimelibeba neno hilo mwaka mzima. Miaka thelathini na sita nimelala kando yako, nikishukuru pale pale ulipokuwa unakabwa.

Basi nikaanza kuuliza. Immakulata alimpelekea daktari wa kambini maswali yangu, na kila aliporudi na jibu alinikuta na maswali mengine mawili. Mpaka daktari akauliza, "Huyu bibi anataka kuchukua kazi yangu?"

Alieleza hivi. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine, hasa mwenye shingo nene, zinalegea mpaka njia inajifunga, kama mpira wa baiskeli uliokunjika: unapiga pampu, upepo hauingii. Nilikwenda nikachukua mpira wa baiskeli yako nikaukunja nione. Kweli, hauingii. Mwili ukikosa hewa unamshtua mtu avute pumzi, kisha anarudi usingizini bila kujua kwamba aliamka. Huenda ni mara mia kwa usiku mmoja. Kwa hiyo, akasema, mtu kama wewe hakuwa analala mno. Alikuwa halali kabisa. Ule wa mchana ulikuwa usingizi unaokudai haki yake.

Nikauliza: sawa, koo na moyo vinajuana wapi? Akajibu kwamba kila pumzi inapokatika, mwili unaogopa kama mtu aliyefukuzwa na nyati. Moyo unakimbia, mishipa inabana. Akifukuzwa na nyati mara mia kila usiku, asubuhi presha itashuka vipi? Na presha ya miaka huuchosha moyo, huleta kiharusi. Hata sukari huvurugika. Nikakumbuka kichwa chako kilivyouma kila ulipoamka. Nikakumbuka kutoka nje kukojoa mara nne, mara tano, na vidonge vya presha ulivyomeza bila kuruka siku, nayo presha ikakaa pale pale juu. Mambo niliyoyaona kama wageni wasiojuana, kumbe walikuwa ndugu wa nyumba moja.

Daktari alisema pia kwamba bila kukuona hawezi kuapa. Alisema "huenda". Nami naandika huenda. (Niliuliza na kwa nini ng'ombe hawakoromi. Hilo bado halijajibiwa.)

Sasa nikueleze habari ya mwanao, maana ndiyo iliyoninyima raha kuliko kaburi lako. Venanti amerithi shingo yako. Anaendesha lori la unga wa kambini, Kibondo na Kasulu, Kasulu na Kibondo. Kezia mkewe nilimwambia ahesabu kimya chake usiku. Alihesabu Salamu Maria mbili kamili na kipande. Tulipomwambia Venanti alicheka: "Mama, mwanaume asiyekoroma ni nani? Hata lori langu linakoroma!"

Mwezi wa Desemba, katika mvua hizi zilizovunja kila barabara, lori liliacha njia kabla ya kufika Kasulu, likasimama ukingoni kwenye korongo. Venanti alirudi akasema alimkwepa mbuzi. Tukamshukuru Mungu kwa ajili ya mbuzi. Siku ya tatu akaja Tharsisi, dereva mwenzake, akakaa barazani, akazungusha kofia mkononi.

"Mama, hakukuwa na mbuzi."

Venanti alikuwa mlangoni. "Wewe Tharsisi ndiye mbuzi!"

"Niite utakavyo, kaka. Ulikuwa umelala macho wazi. Usukani niliushika mimi."

Nikamwambia mwanao, "Baba yako tulimwita mgonjwa wa malale, wengine wakamwita mvivu. Hakuna aliyemsikiliza pumzi yake. Wewe tunakusikiliza. Utaondoka vipi hapa bila kupimwa?"

Alikwenda Kibondo kupimwa akiwa amevimba kwa hasira. Presha ilikuwa juu, na hajafika miaka arobaini. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze mwili, aache pombe ya jioni, alale kwa ubavu, na asiguse usukani mpaka usingizi wa mchana umwachie. Ulaya, wanasema, kuna mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha. Hapa hatuna, kwa hiyo Kezia amemshonea gunzi la hindi mgongoni mwa fulana: akigeuka chali linamchoma, anarudi ubavu. Venanti anasema ameoa mlinzi wa gereza. Lakini fulana anaivaa.

La usukani ndilo lililomuuma. Wiki nzima alikaa na funguo mfukoni. "Dereva asiyeendesha ni nani, Mama?" Nilikaa naye tu. Siku ya nane alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake akaziweka mezani. Sasa ni msimamizi wa ghala Kasulu.

Jumamosi hii amekuja kwa ajili ya misa yako. Tharsisi aliendesha, mwanao akakaa upande wa abiria. Tharsisi anasema alikoroma tangu Kasulu, milima yote, matope yote, akilala, akigongwa kiwiko, akilala tena. Alishuka hapa uani uso umejaa mikunjo, akauliza, "Tumefika?"

Nikamwambia, "Umefika, mwanangu."

Nanyi mnaosoma kumbukumbu hii: mwenye mtu wa kukoroma, msikilizeni anaponyamaza. Mpelekeni akapimwe.

Unakumbukwa na mimi mkeo Vestina. Mwanao Venanti na mkwe wako Kezia. Immakulata, binti wa mdogo wangu. Wajukuu wako saba. Bwana Hilali, ambaye gunia lako hajaliuza. Na watoto wote uliowafundisha kusali.

Miaka ikija, mingi au michache, hatutaacha kukukumbuka. Sasa lala, Baba Venanti. Lala kweli.