Kiti Chako cha Jumapili

Mama,

Deni limekwisha. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia, lakini mtaa wetu wote wa Cimpunda umekutangulia, maana Maman Furaha hajui kusema jambo polepole. Alisimama katikati ya wenzako wa likelemba, wale mnaochanga pesa na kupeana kwa zamu, akapiga makofi, akasema, "Mama Ansima ametoka! Hakuna mutu anamudai tena." Wakapiga vigelegele. Mimi nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyako vyeusi vya misa, na nilikuwa nimesahau kuvipangusa matope.

Acha nikueleze toka mwanzo. Uliondoka ghafla, na mengi yalianza siku ile ile tuliyokuzika.

Unajua desturi yetu. Kabla watu hawajatawanyika kaburini, msemaji wa familia anauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu. Nilidhani Tonton Deo angeuliza kama wanavyouliza wengine, kisha mambo yazungumzwe nyumbani taratibu. Lakini unamjua ndugu yako akiona watu wengi. Alivua kofia, akapaza sauti: "Dada yangu hatalala na deni! Mwenye anamudai aje. Familia italipa yote, ngombe ya Ansima iko njiani!"

Ng'ombe wa Ansima. Mahari yangu, Mama. Udongo ulikuwa haujakufunika wote. Patient, uliyekuwa umeanza kumwita mkwe hata kabla wazee wake hawajaja, alikuwa amesimama pembeni na wenye majembe. Niliona watu wanageuka kumtazama kama wanavyotazama gari la mizigo linaloingia sokoni.

Wakaja. Alikuja fundi wa mawe, akidai salio la ule ukuta wa kuzuia kiwanja chetu kisiteremke. Akaja mzee wa soko la Mudaka aliyekuwa akikukopesha magunia ya maharage ya kuuza. Na kubwa kuliko yote, ikaja likelemba. Mimi nilidhani likelemba ni akina mama kukutana Jumapili, kucheka na kula mandazi. Sikujua kwamba ulikuwa umewaomba ule zamu yako mapema, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kubeba udongo chini ya jikoni letu. Walikupa pesa zote za wiki ile, ukajenga ukuta. Kisha ukafa wakati wenzako karibu wote walikuwa bado wanangojea zamu zao.

Na kwenu aliyekwisha kula hatoki kabla mzunguko haujaisha, hata akifa, ila zikilipwa zote kwa mara moja. La sivyo mtu wa nyumba yake anakalia kiti chake na kutoa kila Jumapili. Nyumba yako ilikuwa mimi.

Tonton aliona jambo ni jepesi. Patient alete ng'ombe, wauzwe, walipwe wote, kila mtu aende kwake. Nilimwambia sitaolewa kabla deni halijaisha, na nitalilipa mwenyewe. Akanicheka. "Weye na masomo yako! Deni iko ya mama yako, ngombe iko ya mutoto yake. Shida iko wapi?" Nilikuwa na jibu kifuani, halikutaka kuwa maneno. Sasa naweza kulisema. Nilimwona mtoto wangu, ambaye hayupo, anagombana na binamu zake kule Miti, kijijini kwa akina Patient, na mmoja wao anamwambia, "Nyamaza, mama yako aliolewa juu ya deni ya ukuta." Kule maneno ya mahari hayafi. Mpaka leo wanasema nyanya yake Patient aliletwa kwa mbuzi kilema. Sikutaka mtoto azaliwe akute neno la namna hiyo linamngojea mlangoni.

Patient hakuwa mbaya, usimfikirie hivyo. Alishuka kutoka Miti na pikipiki, akiwa bado na harufu ya dawa za kituo cha afya anakofanya kazi, akaniambia, "Tulipe sisi wawili. Kimyakimya. Tonton asijue." Nikakataa. Akauliza, "Basi mimi niko nani kwako?" Nikamwambia angojee. Hilo halikuwa jibu, alijua, nami nilijua.

Mama yake aliniita siku moja kula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Aliniwekea nyama ya kwanza kwa mkono wake, akasema huku anacheka, "Binti yangu, kumbuka tumbo hainaka likelemba. Haitakungojea zamu." Nami nikacheka. Kile kipande cha nyama nilikitafuna mpaka kikawa kama uzi.

Ninaendelea kufundisha kemia. Pesa tunazolipwa na wazazi wa wanafunzi zinachelewa kama ulivyozizoea, kwa hiyo mchana napiga mashine kazi za wanafunzi wa chuo kikuu katika kibanda cha kompyuta, na kusahihisha Kifaransa chao. Wengine wananiomba nisahihishe na mawazo pia. Kwa pesa hizo nilimlipa fundi, kisha mzee wa Mudaka. Sikuuza pagne zako, hata kitenge kimoja. Hilo nakuapia. Ziko sandukuni kama ulivyozikunja.

Nyumba ni kimya. Sijui nikuelezeje. Nimeshindwa kupika bugali ya mtu mmoja. Mkono unachota unga wa watu wawili wenyewe, na asubuhi nakula kile kilichobaki, baridi, nimesimama. Mvua ikinyesha natoka nje kutazama ukuta. Maji yanatoka katika zile tundu ulizogombana na fundi azitoboe. Nakumbuka alikuwa akikuambia zitapunguza nguvu, nawe umeshika kiuno: "Maji nayo inataka mulango, papa. Ukiinyima mulango, itaitafuta kwako." Ukuta haujasogea. Jirani yetu wa chini, aliyekucheka kwamba unazika pesa, sasa anafunga mbuzi wake kwenye kivuli chake.

Lakini nilitaka kukuambia habari za Jumapili.

Ile ya kwanza nilikwenda kama mtu anayeitwa ofisini. Wamekaa kwa Maman Furaha uani, kila mtu na kiti chake, na kile chako cha plastiki cha buluu kitupu. Nikakikalia. Maman Furaha akaanza kuita, na kila anayeitwa anasimama kuweka pesa. Akafika kwako: "Mama Ansima!" Wote wakanitazama. Mimi ndiye Ansima, ningeitikaje? Akaita tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Itika, mutoto. Kiti haiitikake."

Nikasema, "Niko."

Tangu siku ile, kila Jumapili, nimekuwa mama yangu mwenyewe.

Mwanzoni walinicheka. Walisema nakaa kama mkaguzi wa shule. "Profesa, weka franga hapa, hii haina kemia!" Waliniuliza nitaolewa siku gani, kama Patient ana meno yote, kama wanaume wa Miti wanajua kucheka. Kisha polepole wakaanza kunieleza wewe. Mama, sikujua kwamba ulikuwa unachekesha watu. Mimi nilikujua umechoka. Nilikujua unaingia jioni na vumbi la maharage kwenye nywele, unavua viatu, unauliza kama nimekula. Wao walimjua mwanamke aliyemwiga padri akitafuta miwani yake katikati ya mahubiri, mpaka Mama Solange akajikojolea kwa kicheko. Walimjua mwanamke aliyecheza peke yake uani siku alipopewa pesa za ukuta, akisema, "Leo nimeoa mulima!" Nilisikiliza yote hayo nimekaa kwenye kiti chako, na mara nyingine niliona wivu. Kwa nini hukunichezea mimi?

Nikaanza kungojea Jumapili. Katikati ya wiki simu za Patient zilikuwa fupi, kisha zikawa fupi zaidi: umekula, umelala, Mungu akusaidie. Nilimwambia mambo yote ya pesa na sikumwambia hata moja la kicheko chako. Nilikuwa nalificha kama chakula.

Kuna mwanamke wa Mudaka alikuja hapa nyumbani siku moja na kapu la maharage kichwani. Alikaa kwenye ngazi, akanywa maji, akasema ulimwachia pesa wiki ile uliyokufa, za maharage ambayo hakuwahi kukuletea, naye hakuweza kulala. Kaburini Tonton aliuliza pia kama kuna anayedaiwa na marehemu, na hakuna aliyejitokeza. Huyu hakuwa kaburini, hakuna aliyemuuliza. Nilipika maharage yale, nikala nikilia, na yalikuwa matamu.

Basi, juzi Jumapili mzunguko ukaisha. Nimekwisha kukuambia vigelegele. Vilipotulia, Maman Furaha akanishika bega, akasema, "Sasa usikie. Wiki inayokuja tunaanza upya. Baki. Hii kiti iko yako, na weye ndiye utakula ya kwanza."

Mama, nilitaka kukubali. Nilifungua kinywa nikubali. Ningekula mapema kama wewe, ningenunua kitu, hata mabati, kisha ningedaiwa mwaka mwingine, na kila Jumapili wangeita Mama Ansima nami ningeitika. Hapo ndipo nilielewa kwa nini sikumruhusu Patient alipe hata nusu. Lile jibu nililokuwa nalo kuhusu mtoto na binamu zake lilikuwa la kweli. Ila halikuwa lote. Wawili tungelimaliza deni upesi. Na lilipokuwa halijaisha, kulikuwa na mahali duniani ambapo ulikuwa bado unangojewa.

Nikasema, "Hapana, Maman. Ninaenda kuolewa."

Kelele zikapasuka. "Eeeh! Profesa ameamuka!" Mama Solange akauliza kama Patient mwenyewe ameambiwa. Kabla hawajamaliza kucheka, mwanamke mpya anayeuza nyanya alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chako, anakitikisa na kulalamika kwamba mguu mmoja si sawa. Nilitaka kumwambia kwamba akikalia upande wa kushoto hakitikisiki. Sikumwambia. Atajifunza.

Nikateremka. Barabarani nilimpigia Patient, hakushika, alikuwa kazini. Alipopiga nilikuwa nimefika karibu na soko la Kadutu, katikati ya kelele, nimeziba sikio moja. Nikamwambia, "Limekwisha." Akauliza, "Kwa hiyo nije?"

"Uje na wazee."

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

Hakucheka, nami sikucheka. Kungojea kunachosha hata watu wazuri. Sijui alichobaki nacho moyoni, wala sijui nilichobaki nacho mimi. Nilikitumia kingi Jumapili, mahali ambapo yeye hakuwepo. Nimeamua kumweleza. Kabla ya wazee kuingia nitamwita pembeni, nimwambie juu ya padri na miwani, na namna ulivyocheza. Akiweza kucheka, tutakuwa na pa kuanzia.

Tonton Deo ndiye atakayesema kwa upande wetu. Nimemkataza kutaja ukuta, kutaja kaburi, kutaja deni. Akaniuliza kwa hasira, "Basi nitaongea nini?" Nikamwambia aongee juu yangu. Amekwenda kufikiri. Watabishana juu ya ng'ombe kama watu wote wanavyobishana, watakula, watakunywa kasiksi ya ndizi, na hao ng'ombe, wawe wengi au wachache, hakuna aliyeliwa kabla hajafika. Wakija, wamekuja kwa ajili yangu.

Naogopa, Mama. Mahali pako atakaa shangazi mmoja ninayemjua kidogo, na nikitoka kusalimia wageni nitakutafuta kwa macho, najua. Halafu nitaendelea kusalimia.

Sasa nikuache ulale. Nenda kabisa, sikushiki tena. Ninakuahidi hivi: nitampenda mtu yule kwa uwazi, nitazaa Mungu akinijalia, na wewe nitakukumbuka bila kudaiwa.

Binti yako,
Ansima