Ma Adela na Mstari wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Majani ya maharage kutoka Ngenge. Kusaga juu ya barafu, kuchuja, kuzungusha kwenye mashine ili kloroplasti, vile vijumba vya kijani vya seli, zitengane na mengine. Vidole vimekufa ganzi. Kimeng'enya kinachonasa naitrojeni kimeonyesha mistari miwili kwenye jeli ya vipimo, yaani aina mbili, zote ndani ya kloroplasti! Vitabu vinasema aina moja hukaa humo, nyingine nje, kwenye ute wa seli. Nimempigia msimamizi wangu papo hapo. Anataka kuona matokeo Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Ma Adela, fundi wa maabara, kautazama mstari wa pili kwa muda mrefu.
"Hizo kloroplasti uliziosha mara ngapi?"
"Mara moja," nikajibu. Nimekasirika. Yeye aliishia kidato cha nne, mimi nasomea uzamili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwomba arudie yeye. Hasira imeniisha, nimebaki na hofu.
Anasaga bila kukandamiza. Anaosha, anamwaga, anaosha tena. Mara tatu. Kila mara anachungulia kwenye hadubini kama kloroplasti bado ni nzima. Hajaketi tangu asubuhi. Sijawahi kuona mikono kama ile.
Jioni: kloroplasti zina mstari mmoja tu. Ule wa pili uko kwenye ute wa seli, kama vitabu vinavyosema. Kwangu ute huo ulibaki umeshikamana na kloroplasti, kwa uzembe wangu wa kuosha mara moja. Ugunduzi wangu umekufa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia msimamizi. Aibu mpaka masikioni. Akauliza nani aliyeliona kosa. Nikamtaja Ma Adela. Akaitwa.
"Huyu mwenyewe ndiye aliyeomba turudie," alisema. "Wengi hawaombi."
Akarudi kuosha chupa. Kaniokoa bila kusema uongo hata chembe.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa, nyumbani kwake Kagondo. Tukala ebitoke, ndizi za kupika, na maharage. Akaniomba nimsomee ripoti niliyoiandika upya. Miaka yote hiyo maabara, hajawahi kusomewa kazi yoyote.
Nikasoma. Vimeng'enya viwili karibu sawa, kazi moja, kila kimoja na chumba chake ndani ya seli moja ya jani. Ni jambo zuri mno, hata kama si mimi niliyelivumbua.
Alisikiliza macho yamefumbwa, vidole vikicheza magotini kama vinaosha. Nikafika kwenye "niliosha mara tatu". Vidole vikasimama.
Nimefuta "niliosha". Nimeandika jina lake.