Abiria Asiye na Stika

Jumatano, 17 Januari

Meli kubwa ya watalii leo. Watu elfu mbili na zaidi. Niliowapata mimi — wanne!

Sisi madereva wa kujitegemea tunasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kamba. Watu wa kampuni ya Durand wanasimama palepale chini ya ngazi ya meli, fulana za njano, vibao vya namba juu. Mgeni akishabandikwa stika yao ya njano kifuani, huyo si wako tena.

Mwanamke mmoja alivuka, akaangalia picha zangu, akawa anataka kukubali. Mumewe akamvuta mkono. Eti wametangaziwa melini: ukienda na ziara ya meli ukachelewa, meli inakusubiri. Ukienda na hawa wa barabarani, shauri yako. Akayasema mbele yangu, kana kwamba mimi ni nguzo ya taa.

Miaka kumi na tisa naendesha. Sijamchelewesha mtu. Hata mmoja!

Cuthbert akapita na basi la Durand, limejaa hadi kiti cha nyuma. Ndugu yangu wa tumbo moja. Akanikonyeza. Nikajifanya napanga picha zangu.

Ijumaa, 19 Januari

Durand kanipa fomu. Kwa mkono wake mwenyewe, na tabasamu. Nikisaini, wageni wa uhakika kila meli. Basi langu linabaki langu — njia ndiyo si yangu. Maporomoko ya Trafalgar, bustani, duka la shemeji yake, rudi gatini. Mwisho wa kusaini Ijumaa ijayo.

Ndugu yangu Cuthie alikuja jioni na mkate na samaki wa chumvi. Nilijua hakuja na hivyo tu.

"Dada, unasubiri nini?"

"Nasubiri Durand aache kuniita mama wa kibasi."

"Basi utazeeka hapo."

"Na mgeni akitaka kwenda kijijini Grand Fond?"

"Hakuna mgeni anayetaka Grand Fond! Wanataka maji yanayoanguka na choo kisafi."

Nilicheka, na sikutaka kucheka. Kisha akaacha utani. Mwaka juzi gari lilimfia njiani akiwa na watu wa stika. Meli ikakaa dakika hamsini inamngoja. "Ungekuwa wewe, dada, ungebaki nao mkononi."

Fomu nimeitia kwenye droo ya gari pamoja na kadi ya bima. Huko siioni.

Jumapili, 21 Januari

Ujumbe kwenye simu, nimeusoma mara tatu. Mama mmoja, Eudora Hicks, anakuja na meli ya Jumatano. Mzaliwa wa Delices, kijiji cha upande ule wa pili wa kisiwa. Alipelekwa Uingereza akiwa na miaka tisa. Sasa ana sabini na moja.

Dada yake, Clemence, bado anaishi kwenye nyumba ya mama yao. Hawajasemezana miaka ishirini na miwili — tangu mazishi ya mama. Eudora hakuja kuzika. Hakueleza kwa nini, na mimi sikuuliza.

Meli haina ziara ya kwenda Delices. Ameuliza, wakampa karatasi ya ziara ya kuogelea na samaki.

"Sijamwambia dada kama nakuja. Akijua atafunga mlango."

Nikamjibu nitampeleka. Ndipo nikaanza kupiga hesabu ya saa. Kwenda, karibu masaa mawili. Kurudi, vilevile. Meli inataka watu wote ndani saa kumi na nusu, inang'oa nanga saa kumi na moja. Tukitoka Delices saa saba tuna nafasi ya kutosha. Saa nane — tumbo joto. Baada ya hapo, Mungu.

Jumanne, 23 Januari

Mvua tangu alfajiri.

Mume wake kapiga simu kutoka melini. Derek. Mwingereza, sauti ya taratibu, maswali kama ya mahakamani. Tairi zina umri gani? Barabara mbadala ipo? Udongo ukiporomoka?

Nikamwambia kweli: ukiporomoka, tunangoja tingatinga.

"Na meli?"

"Meli haitungoji sisi."

 Kisha akasema yeye amekata tiketi ya ziara ya meli, safari ya mchana, bwawa la Emerald. Amemkatia na mkewe. Mkewe kaichana.

Kaichana!

Jumatano, 24 Januari — saa mbili na nusu, gatini

Mvua imepungua. Wamevuka kamba wote wawili. Eudora mfupi, kofia ya majani yenye utepe wa bluu, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Mzee Derek mrefu, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni.

"Eudora, kuna simu. Mpigie dada yako tu."

"Miaka ishirini na miwili hapokei, Derek."

"Kesho asubuhi tutakuwa kisiwa kingine. Nitakuwa kisiwa kingine, na wewe uko wapi?"

"Kwetu," akasema, akapanda garini.

Mzee kabaki na mwavuli. Akaninong'oneza dirishani: "Ana dawa ya moyo kwenye mkoba. Saa sita mchana. Atasahau." Nikamwahidi. Nimeweka kengele ya saa sita kwenye simu, sasa tunaondoka.

Saa sita na robo, Delices

Naandika nikiwa garini. Dawa amemeza.

Tulifika kabla ya saa tano. Clemence alikuwa barazani, anachambua majani ya bay, yale ya kukamuliwa mafuta ya kunukia. Miaka themanini, mgongo umenyooka. Alimtazama Eudora akishuka. Akatazama kofia. Akaniambia mimi, si yeye:

"Mwambie huyo aliyeletwa na meli arudi na meli."

Akaingia. Komeo — kla!

Eudora hakubisha hodi. Hakulia. Amekaa kwenye ngazi, mvua inampiga magotini, na amechukua yale majani anayachambua. Polepole, vidole vimesahau. Yaliyooza huku, mazima kule. Saa nzima sasa! Nimemwita aingie garini, kakataa kwa kichwa.

Ndani nasikia kiti kikiburutwa. Kinakuja hadi mlangoni. Kinakaa hapo.

Saa saba kamili

Nilikwenda kumwambia muda umefika. Akasema, "Bado fungu moja."

Saa saba na dakika ishirini

Komeo limefunguka. Clemence kasimama na taulo.

"Unachambua vibaya. Ulikuwa unachambua vibaya tangu mtoto."

"Basi nionyeshe."

"Nani kakuvisha kofia hiyo?"

"Nimenunua."

"Ulipoteza hela."

Kisha amemfunika taulo kichwani, kwa nguvu, kama anamkausha mbwa, na mikono haikutoka tena pale kichwani. Nimegeuka kutazama bahari.

Saa nane na dakika kumi

Nimeingia mwenyewe kuwakatiza. Naona aibu kuandika. Walikuwa mezani na bakuli la supu ya magimbi, Clemence anahadithia siku ya mazishi, nani alibeba jeneza, nani aliteleza kwenye tope. Alikuwa amefika kaburini. Nikasema, "Mama, sasa hivi au tumeikosa meli."

Clemence hakuniangalia. Alisema tu, "Kila mara ni sasa hivi."

Eudora ameacha supu nusu.

Saa tisa na dakika tano, barabara ya Rosalie

Yamenikuta.

Udongo umeshuka barabara nzima, na mgomba mzima umesimama katikati kama uliopandwa. Tope lafika magotini. Upande wetu tuko magari matatu. Zimamoto wako upande wa pili, wameweka mbao, mtu anaweza kuvuka kwa miguu akishikwa mkono. Gari, hapana. Tingatinga linatoka Castle Bruce. Lini? "Linakuja." Ndivyo walivyosema.

Mtandao upo, kidogo. Nimempigia Cuthie. Yuko bwawa la Emerald na watu wa stika, na Derek yumo kwenye kundi lake. Kutoka kule hadi upande wa pili wa tope hili ni robo saa.

"Cuthie, una kiti?"

"Kiti ninacho. Ruhusa sina. Dada, unajua sheria — asiye na stika hapandi. Nitafukuzwa."

"Ana miaka sabini na moja."

"Nimesikia. Mume wake kanisikia nikiongea na wewe, kasimama mbele ya basi langu. Mbele kabisa! Anasema basi litapita juu yake au litakuja kwenu. Wageni wengine wanampiga picha."

"Basi njoo."

"Mpigie Durand," akasema. Kisha, chini sana: "Tafadhali, Ismay. Mimi siwezi kumpigia."

Saa tisa na dakika ishirini

Nimempigia Durand.

Alisikiliza yote. Mpole, mpole! Akasema anasikitika sana. Akataja bima. Akasema ndiyo maana yeye huwaambia watu wachague vizuri. Nikasema, najua, bwana Durand. Akasema, angekuwa mgeni wa dereva wa kampuni, hilo lingekuwa jambo jingine.

Akaacha hapo, akangoja. 

Nilifungua droo. Fomu ilikuwa imelowa kona. Nimeisaini juu ya usukani, nikaipiga picha, nikamtumia. Ismay Royer, dereva wa kampuni. Sekunde tano hazikupita akanijibu kwa kidole gumba.

Eudora alikuwa nyuma, anatazama dirishani. Sijamwambia nilichosaini. Nimesema tu, kaka yangu anakuja, meli itangoja. Akasema asante. Kama mtu aliyepewa chai asiyoiomba.

Saa tisa na dakika arobaini na tano

Basi la njano limefika upande wa pili. Kwa mara ya kwanza maishani nimefurahi kuliona.

Cuthie kashuka, kanipungia. Kachoka uso. Derek keshafika kwenye mbao, koti lake limejaa tope, zimamoto wanamzuia asivuke. Ameshika stika ya njano mkononi. Sijui kaitoa wapi — nadhani ni yake mwenyewe, kaibandua.

"Eudora! Nimekuwekea kiti cha mbele!"

Zimamoto mmoja mrefu kavuka, amesimama kando ya gari langu na mkono kaunyosha. "Haya mama, taratibu, mimi nimebeba hadi majokofu hapa." Cuthie anapiga honi. Ana watu ishirini na wawili, na meli itawangoja wote, ila si mpaka kesho.

Nimegeuka kumsaidia na mkoba.

Amefungua mlango. Hajashuka. Amemtazama mzee wake pale ng'ambo kwa muda mrefu, anampungia, anatabasamu hata, machozi yanashuka. Kisha kanigusa bega.

"Ismay, pale kwa dada — uliona vitanda vingapi?"

Nimesema sikuingia chumbani.

"Hakumaliza kunihadithia," anasema. "Alikuwa amefika kaburini." Anatazama nyuma, barabara ya kurudi Delices.

Derek anaita tena. Zimamoto ananitazama, eti mimi nimwambie. Honi inapigwa mara ya tatu. Mkono wa mama bado uko begani mwangu, na injini sijaizima, na gari bado limeelekea kwenye tope.