Kamba Niliyomshikia Kaka'ko

Wadi Kabir,
Maskati.
Ijumaa, 3 Oktoba 1969

Mpendwa mwanangu Thabit,

Assalaam alaykum. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado Kuwait inakukohoza kwa vumbi lake? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila joto halijatuonea huruma. Mke wangu Nasriya goti linamsumbua, lakini mdomo haumsumbui, ananigombeza kama desturi. Mama'ko Shaikha anakula kidogo na anasali sana.

Barua yako tumeipata. Nilimsomea mama'ko mwenyewe, maana siku hizi macho yake hayashiki herufi. Nilipofika pale ulipoandika kwamba umenunua mtungi wa hewa kwa Mzungu wa bandarini, na Idi utakuja uingie lile pango la maji la Qurayyat umtoe kaka'ko Aflah azikwe kama watu wanavyozikwa, niliinamisha uso kwenye karatasi. Mama'ko akadhani nnalia. Asubuhi yake alikwenda Matrah akanunua sanda. Imo sandukuni, kaifukiza udi.

Basi nisikilize, mwanangu, na barua hii usiikunje kabla hujaimaliza.

Unasema kuzamia unajua. Nnajua kama unajua! Mimi ndiye niliyekufundisha, wewe na Aflah, kule Unguja, tulipokuwa tukizamia kombe za baharini. Kamba kiunoni, mmoja yuko juu ameishika, akisikia imevutwa mara mbili anampandisha mwenzake mbio mbio. Kamba ile haikutuangusha hata siku moja, na ndiyo iliyotutia ujinga.

Kaka'ko alikuwa kibarua wa wale wazamiaji wa Kizungu waliokuja kwa kazi ya bandari ya mafuta. Akibeba mitungi na kuiosha. Akawatazama wanavyovaa, akaona keshajua. Siku ya mapumziko akaazima mtungi, tukaenda Qurayyat mimi na yeye tu. Pale unashuka shimoni kwa kushika mawe, na chini unakuta maji ya kijani, yametulia, unaona mpaka changarawe. Chini ya ukuta pana uwazi kama mlango. Nikamwambia achungulie tu, arudi. Akanicheka. "Ami, hapa hapana hata wimbi, unaogopa nini?" Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikacheka naye.

Akaingia. Kamba ikanitoka mkononi taratibu, kisha ikasimama. Maji yakaanza kuchafuka kutoka pale mlangoni, yakawa kama yaliyooshewa mchele. Halafu kamba ikavutwa mara mbili.

Nilivuta, Thabit. Nilivuta kama tulivyozoea, nimekaza miguu kwenye jiwe, kwa nguvu zangu zote. Ikagoma. Nikazidi. Ikalegea ghafla, nikaanguka chali, na kamba ikaja peke yake.

Watu wote nimewaambia kamba ililiwa na jiwe. Wewe nilikwandikia hivyo. Mama'ko nilimwapia. Nilisema uongo. Ncha ya kamba ile haina hata uzi mmoja uliochanika, imekatwa sawasawa kwa kisu. Kaka'ko aliikata mwenyewe.

Sikuelewa kwa nini mpaka siku ya tatu, alipokuja mmoja wa wale Wazungu, aliyesomea mapango hasa. Alifunga uzi wake mwembamba kwenye jiwe la nje, akaenda akiutandaza ukutani, mkono hauuachi, taa tatu mwilini. Akafika kwenye kona ya kwanza tu, akarudi. Akakunja mkono kunionyesha. Njia inapinda kama kiwiko, na upande wa ndani wa kiwiko pana ufa asiopita mtu. Kamba ikivutwa na aliye nje haifuati njia, inakimbilia ufa, na yule aliyefungwa inakwenda naye. Kwa hiyo kila nilipovuta, nilikuwa nnambana mtoto wa ndugu yangu kwenye jiwe. Akaikata apate kunusurika na kuvuta kwangu. Kisha akabaki gizani, tope limefumba kila kitu, hana cha kushika cha kumrudisha nje.

Yule Mzungu akauliza nani alimfundisha kuzamia mapango. Nikamwambia hakuna. Akasema baharini mtu akishindwa hupanda juu akavuta pumzi, mle juu ni jiwe. Hata hewa yao huigawa mafungu matatu, ya kwendea, ya kurudia na ya balaa. Nikamwomba amtoe. Akakataa, akasema njia huko mbele inazidi kubana, na mwalimu wake mwenyewe, mjuzi kumshinda yeye, alikufa mahali kama pale.

Sasa wewe una mtungi, huna mwalimu, na unaniandikia, "Ami, kamba utanishikia wewe, maana ndiye nnayemwamini." Astaghfirullah! Maneno hayo yananikosesha usingizi. Huniamini mimi, Thabit, unaiamini ile hadithi niliyokudanganya nayo.

Shekhe alitwambia zamani kwamba aliyekufa maji ni shahidi, na kaburi lake ni pale alipo. Mimi nilikubali, mama'ko hakuridhika. Yeye anataka kaburi la kumwagia maji, na nani atamlaumu?

Leo, baada ya sala ya Ijumaa, nimemwambia yote. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu, kama Aflah alikuwa hai nilipokuwa nnavuta. Nikamwambia alikuwa hai. Akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Magharibi ndipo alipotoka, na mpaka sasa hajanitazama usoni. Ni haki yake.

Barua hii namkabidhi jirani yetu Suud, anapanda meli kesho kuja huko. Nnaomba ikuwahi kabla hujatoka. Idi njoo, mwanangu, lakini njoo mikono mitupu. Kamba ninayo chini ya kitanda, nitakuonyesha ile ncha. Nitukane, nichukie, usinipe mkono, yote nitayapokea. Ila ukija na mtungi, mimi kamba sishiki, na nitamwendea kila mwanamme wa Qurayyat nimsihi naye asikushikie.

Nasriya anakusalimu sana, na Bakhita wetu anauliza kama utamletea halua ya huko. Mungu akulinde na kila shari, na akurejeshe kwetu ukitembea kwa miguu yako.

Mama'ko hakutoa salamu. Kaniambia nikuandikie hivi: "Mwambie Thabit sanda ninayo moja tu, na hiyo ni ya kaka'ke."

Wako akupendaye, hata kama leo hutaki kupendwa na mimi,
Ami yako,
Mahfoudh