Supu ya Kiloriti Haina Haraka

Neema mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Karatu mvua imekubali, maharage yanachanua, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeuliza kama baba yako anaweza kuzidisha yale magome ya mti wa kiloriti niliyomtumia atie kwenye supu, ili magoti yake yatulie kabla ya harusi yako. Nimecheka, maana hata mimi niliwahi kufanya hivyo.

Miaka ya sabini, nilipoolewa kule Ngorongoro, mama mkwe wangu alikuwa hawezi tena kuchuchumaa kukamua. Ng'ombe wake alimzoea yeye. Nikimshika mimi, anabana maziwa. Basi magome ya mwezi mzima nikayachemsha kwenye supu ya siku moja. Mama akainywa yote kwa kunistahi, tumbo likamwendesha siku mbili.

"Mwanangu," akaniambia, "magoti yameharibika miaka yote hii, wewe unataka yapone Jumamosi?"

Tangu hapo nikawa natia kipande kidogo tu kila asubuhi, na dawa za zahanati hakuziacha. Maumivu hayakuisha. Lakini siku moja, baada ya masika, nilisikia maziwa yakigonga kibuyu. Nikatoka mbio, nikamkuta amechuchumaa kando ya ng'ombe wake, anatabasamu.

"Usinitazame tu," akasema. "Njoo uniinue."

Baba yako amuulize daktari kwanza, kisha anywe kidogo kidogo. Siku ya harusi akiinama kukubariki, wewe mpe mkono ainuke.

Bibi yako