Mikanda ya Mgongoni

Mama Anna,

Uji uko kwenye chupa. Anna bado amelala, mwache, leo Jumamosi. Sufuria kubwa usipikie kitu, nimeloweka ngozi ya kofia.

Nimeenda mjini Columbia na ile deraya yangu, vazi la vita la ngozi, lenye michoro ya nyoka waliosokotana kama ya Waviking, wale mabaharia wa kale wa Ulaya. Wenzangu wa mchezo wa vita vya kale wananingoja. Ukinihitaji, nipigie kwenye peja, nikiona namba nitatafuta simu.

Asubuhi hii uliporudi kutoka kazini kwenye makao ya wazee ulinikuta jikoni nimeivaa nusu. Nilikuomba unifungie mikanda ya mgongoni tu. Ukasema, "Usiku kucha nawafunga wazee wa watu vifungo vya mashati, na wewe nikufunge?" Ukapanda kulala.

~~Sikukasirika.~~ Nilikasirika kidogo, halafu nikakumbuka vidole vyako vilivyovimba. Mafuta ya kuchua haya hapa.

Siku hizi tunapishana mlangoni tu. Kwa hiyo nimetoboa matundu mapya, mikanda nimeihamishia kifuani. Sasa naweza kujivalisha mwenyewe.

Matundu ya mgongoni sikuyaziba.

Baba Anna