Kicheche, Bosi na Ile Ndoo ya Buluu

Jumamosi. Malindi jua kali tangu asubuhi, na hakuna hata upepo wa kutikisa kanga kambani. Siku mbaya kabisa ya kunuka.

Anayenuka si mimi, ni Bosi, mbwa wangu. Asubuhi alimfukuza kicheche vichakani nyuma ya nyumba, na yule mnyama mdogo akamgeuzia mkia, akammwagia uvundo wake wote usoni. Ni harufu ya vitunguu saumu vilivyooza na mpira unaoungua. Nilimwosha kwa maji matupu, ikazidi. Nikampaka nyanya, nikabaki na mbwa mwekundu anayenuka vilevile.

Niseme ukweli, niliogopa. Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, alimkubali Bosi shingo upande, kwa sharti moja: mbwa asiguse chochote chake, kwa sababu ya sala. Ua wetu ni mmoja, na leo baada ya alasiri watu walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Bosi akiharibu posa, lazima aondoke. Mimi mtu wa bara, nimpeleke wapi?

Simu ikanipa dawa: ile ya kusafishia vidonda inayotoa povu, magadi ya kupikia na sabuni kidogo ya vyombo. Nikakimbilia duka la dawa, nikarudi natweta, nikanyakua ndoo bombani, nikachanganya. Nilimsugua Bosi nikikwepa macho yake, nikasubiri dakika kumi, nikamsuuza. Harufu ikaanza kukatika. Nikacheka peke yangu.

Kisha nikamwona Bosi ametia mdomo ndani ya ndoo, analamba maji. Ndoo ya buluu, mpini umefungwa kitambaa cheupe. Ndoo ya Bi Zuhura ya kutilia udhu.

Hakuna aliyeniona.

Naona haya kuandika haya. Niliisuuza mara moja, nikairudisha mahali pake, nikaingia ndani na kufunga mlango. Adhana ya adhuhuri ikaanza, nikasikia ndara zake zikija bombani, kisha bomba likafunguliwa.

Nilitoka mbio. "Bi Zuhura, usiitumie! Nimemwoshea mbwa."

Alinitazama, akamtazama Bosi, akaitazama ndoo.

"Na ungenyamaza, mwanangu?"

Nikainama, nikaishika ndoo.

"Mara saba," akasema. "Moja utie udongo safi. Mimi nahesabu."

Nikaosha, yeye amesimama juu yangu akihesabu kwa sauti. Ya saba ilipoisha alitawadha papo hapo bombani, akaenda zake.

Wageni walipofika nilijifungia chumbani na Bosi, namnusa kila dakika. Moshi wa udi ulijaa uani. Nikatega sikio mlangoni, halafu vigelegele vikapasuka. Binti ameposwa. Lakini mimi bado sikujua kama Bosi atabaki.

Magharibi nilichungulia dirishani. Bombani palikuwa na ndoo mbili, yangu na yake. Bi Zuhura akaja, akasimama kidogo, akachukua ile ya buluu. Akaijaza, akaanza kutawadha.

Nililia, sifichi.

Alipomaliza alisema bila kugeuka, "Huyo mbwa wako umempa maji, na joto hili? Lakini kwa chombo chake."

Kesho nanunua ndoo ya Bosi, nyekundu, isiyofanana na ya mtu. Usingizi hauji. Nisingezisikia ndara zake, ningetoka?